Agosti Haiuzwi Mara Mbili

Kwa Bwana Ausi Likumbo,
mwenye fremu namba tatu, Chikongola,
Mtwara.

YAH: KUVUNJA MKATABA WA PANGO KABLA YA WAKATI

Husika na kichwa cha barua hapo juu.
(Mtendaji wa mtaa amesema nianze hivyo,
karatasi ikianza vizuri
hata mwenye hasira huisoma ameketi.)

Mimi Somoe Nantanga, fundi cherehani,
nilikulipa miezi kumi na miwili kwa mpigo,
Januari, juu ya meza ya kukatia.
Ukalamba kidole, ukahesabu mara mbili.
Dalali akachukua mwezi wake, hakuuliza hata jina langu.

Nimekaa sita.
Huu wa saba, Julai, ndio notisi yangu.
Mitano haijazaliwa.
Mama yangu kule Newala amelala upande mmoja,
mkono wake wa kulia anauita mgeni,
na mgonjwa hauguzwi kwa simu.

Nimefungua mkataba.
Kipengele cha tisa, herufi ndogo kama mayai ya chawa:
kodi ikishapokelewa hairudi.
Nimekisoma kwa sauti, nimekisoma kwa kunong'ona,
kila mara nasikia duka la vyombo:
bidhaa ikishauzwa hairudishwi.
Lakini Bwana Ausi, mwezi si sufuria.
Sufuria nikiondoka nayo, wewe huna.
Agosti naiacha mlangoni pako
haijavaliwa, haijafuliwa,
bei yake imo mfukoni mwako,
nawe utaipiga pasi umuuzie mwingine.

Usiseme humjui huyo mwingine.
Alhamisi dalali alimleta, kijana wa kuuza chaji,
akapima ukuta wangu kwa hatua zake
nami nimeinama chini ya meza natafuta bobini.
Wakapatana bei juu ya kichwa changu
kama mimi ni rafu iliyokuja na fremu.

Siombi rangi niliyopaka.
Siombi bati la Machi,
mvua ilipoingia ikalowanisha vitenge vya watu
nawe ukasema paa ni la Mungu.
(Risiti ninayo. Mtendaji amesema:
sheria ipo, mama, ila inapenda karatasi.)
Naomba mitano yangu, basi.

Hapa kalamu imesimama.

Juu ya kioo changu kuna kibao,
nilikiandika mwenyewe kwa rangi ya kucha:
NGUO IKISHALIPIWA FEDHA HAIRUDI.
Mwaka jana Bi. Esha Mtopwa wa Naliendele
alileta satini ya harusi ya binti yake,
akatoa elfu thelathini.
Wiki ile ile posa ikarudishwa.
Mkasi haujaigusa satini, hata chaki.
Nilimwonesha kibao.
Akakisoma polepole, akasema, "Sawa, fundi,"
akaibeba satini kifuani kama mtoto aliyelala.
Pesa ile niliilia mchele,
na mchele ulikuwa mtamu.

Mtendaji hakuniambia niandike haya.
Hayana kumbukumbu namba.
Lakini nimepanda kigoda, nimekwangua LIPIWA
kwa wembe wa kufumulia,
nimeandika KATWA.
Rangi haikutosha, A ya mwisho imetoka nyembamba.
Elfu thelathini imekwenda Naliendele kwa simu,
ada ya kutoa nimeilipa mimi.
Bi. Esha hajajibu. Hadaiwi jibu.

Sasa naweza kumalizia.

Ijumaa saa nne asubuhi nitakuwa ofisi ya mtaa
na nakala tatu: yako, yangu, ya faili.
Njoo na daftari lako.
Tukishindwa hapo, kuna ngazi nyingine,
nami nimezoea kufumua mshono mpaka nione
uzi ulianzia wapi.

Ufunguo haumo ndani ya bahasha.
Ufunguo utauona Ijumaa,
mkononi mwangu, ukisubiri hesabu.

"Wako mtiifu" nimeikata.

Somoe Nantanga,
mpangaji,
hadi tarehe thelathini na moja Julai.